Nani Anampokelea

Katibu hakuwahi kumpelekea mtu barua nyumbani. Ungeweza kuwa mgonjwa kitandani, ungeweza kuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, barua yako ingekaa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake mpaka ufike kwenye mizani ya kahawa siku ya kugawa. "Barua haiendi kwa mtu," alikuwa akisema. "Mtu ndiye anaiendea barua." Alilisema hilo mara nyingi hivi kwamba sisi tuliokua kwenye ule mteremko tulidhani ni sheria ya serikali.

Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa, na sanduku la posta la chama ndilo lilikuwa sanduku la kila mtu. Watoto waliosoma mbali, waume waliofanya kazi Dar, mapadri na wachungaji, mabinti walioolewa Arusha, wote waliandika S.L.P. ile moja, Moshi, kisha jina. Ufunguo ulining'inia kwenye uzi shingoni mwake, ndani ya shati. Jumanne na Ijumaa alishuka mjini, na mchana alirudi akapanda juu ya bati la mizani, pale panapowekwa magunia, akaanza kuita majina. Mshale wa mizani ulikuwa ukitetemeka kila anapogeuka.

"Katibu, leo umepungua," vijana walimtania.

"Huo ni uzito wa barua. Mimi mwenyewe sipimwi."

Aliyeitwa alipaswa kusema "nipo," hata kama amesimama mbele yake na wanatazamana. Kama hayupo, Katibu alinyanyua barua juu na kuuliza, "Nani anampokelea?" Lazima mtu aseme "nampokelea," na lazima awe mtu anayefaa, kwa maana Katibu alikuwa na namna yake ya kumtazama anayejitokeza. Wapo watu aliowakatalia hadharani. Mwanamume mmoja alijitokeza kumpokelea shemeji yake, Katibu akamwambia mbele ya wote, "Wewe na yeye hamsalimiani. Kaa chini." Akakaa. Barua ikarudi kwenye koti.

Mimi alinipa jina palepale kwenye mizani. Baba alikuwa ametangulia, na mama alimfuata kabla migomba aliyoipanda baba haijazaa. Nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ng'ombe hawezi kusubiri likizo, na wadogo zangu wawili, Anaeli na Aikande, walikuwa bado wa kuogeshwa. Siku moja kwenye mizani Katibu akaita jina la baba. Watu wakageuka wakanitazama. Sijui aliita kwa kusahau au kwa makusudi, maana yeye ndiye aliyesoma salamu za rambirambi za chama pale kaburini. Alinyanyua barua juu. "Nani anampokelea?"

"Nampokelea," nikasema.

"Wewe ni nani kwake?"

Alikuwa akinijua tangu nabebwa mgongoni. Nikasema, "Mtoto wake mkubwa."

"Basi njoo, Mkubwa." Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina nililobatizwa, na watu wengi wakamfuata.

Ukitaka kumwelewa, utapata shida, kama nilivyopata mimi. Alichukia umbea, lakini aliweza kupima bahasha kwa vidole akakwambia, "Hii ina picha, kuna harusi." Hakufungua barua ya mtu hata siku moja, hilo naweza kuliapia. Pale soko la kahawa lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mlimani na pikapu, alisimama kanisani baada ya matangazo akasema anayeuza kahawa kwenye pikapu anauza mlango wa nyumba yake. Wiki hiyohiyo mke wake alikuwa kwenye foleni ya pikapu na debe kichwani. Katibu alipita barabarani anatazama mlima, kana kwamba siku hiyo ndiyo umeota pale.

"Katibu, mama yupo kwenye foleni," mtu akamwambia.

"Naona theluji imepungua," akajibu, akaendelea na safari.

Chama kilididimia kidogo kidogo. Karani wa mizani akaenda kulima nyanya, mlinzi akaenda kwa hao hao wa pikapu. Ghala likabaki na popo. Katibu akabaki na ufunguo, na Jumanne na Ijumaa zikabaki kama zilivyo. Aliendelea kusimama juu ya mizani isiyopima kitu.

Kulikuwa na jambo jingine: bahasha zote aliandika yeye. Sisi tuliandika barua zetu, tukazikunja, tukampelekea na bahasha tupu. "Ndani ni kwako, nje ni kwa ofisi," alisema. Alinawa mikono, akaikausha kwa leso, akaandika kwa mwandiko uliolala kidogo upande wa kulia, halafu akagonga muhuri wa chama nyuma. Watu waliosoma kumzidi nao walimpelekea. Hakuna aliyeona ajabu. Bahasha yenye mwandiko wa Katibu ilikuwa na heshima, kama mtu aliyesindikizwa.

Anaeli alipopata nafasi ya kwenda kusoma Amerika kwa msaada wa kanisa, Katibu ndiye aliyeandika bahasha ya kwanza. Ilikuwa rahisi. Chuo kilikuwa na sanduku lake la posta, kama la kwetu, na barua zikafika na majibu yakarudi. Nilikuwa nikisema "nipo" mbele ya watu, na nilijisikia nimesimama vizuri duniani.

Halafu Anaeli akahama chuoni. Akaandika kwamba sasa amepanga yeye na wenzake kwenye jengo la ghorofa, lenye milango mingi, na wao ni mlango wa saba. Akaandika anwani mpya: namba ya jengo, jina la mtaa, kisha kifupisho cha herufi tatu na saba, kisha mji. "Tarishi analeta mpaka hapa hapa tunapokaa, dada," aliandika. "Chini ya ngazi kuna visanduku, kila mlango na chake. Msisahau hiyo saba. Bila saba siipati."

Nilimsomea Katibu barua hiyo kwenye ofisi yake, ambayo wakati huo paa lake lilikuwa linavuja upande mmoja.

"Anaeli anajisifu," akasema.

"Kwa nini ajisifu, Katibu?"

"Tarishi amfuate yeye? Kijana wa juzi? Mkuu wa wilaya mwenyewe ana sanduku." Akavaa miwani. "Na hii namba kubwa ya mwanzo ni ya nini?"

"Ya jengo."

"Namba za ukutani ni za watu wa sensa. Na wapuliza dawa. Wanaandika kwa chaki, mvua inafuta. Ukiweka namba nyingi, barua inachanganyikiwa." Akagonga kidole kwenye saba. "Hii ndiyo sanduku lake. Hii ndiyo yenyewe."

Akanawa mikono. Akaandika jina la Anaeli, chini yake Sanduku la Posta 7, kwa Kiingereza, kisha mji, kisha Amerika, akapigia mstari. Nilitazama. Kwa kweli ilipendeza. Ilionekana kama anwani, na ile ya Anaeli ilionekana kama hesabu. Ningeandika mwenyewe, sijui kama ningefanya tofauti. Mimi pia sikuwahi kuona barua ikifuata mtu mlangoni.

Anaeli akaandika tena. Anauliza kwa nini simjibu. Nikajibu. Akaandika tena, fupi zaidi: kama nimechoka naye niseme. Nikajibu kwa karatasi mbili, nikamweleza kila kitu, hata ndama. Baada ya hapo akanyamaza.

Huo ndio wakati ambao mpaka leo nikiukumbuka kichwa kinazunguka. Nilikuwa namwandikia mtu ambaye ananilaumu simwandikii. Nilifikiri ameanza kuwa mwongo. Nilifikiri kule watu wanabadilika, wanaanza kutafuta sababu ya kukata kamba polepole. Aikande alisema labda anaumwa kichwa. Tulikaa jikoni tunamenya ndizi za mtori na hatukujua tumkasirikie au tumwombee.

Na halikuwa suala la moyo peke yake. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kahawa na makaburi ya wazazi, kilikuwa cha Anaeli, mtoto wa kiume pekee. Mimi nilikuwa nakishika. Baba yetu mdogo, aliyekuwa analima mpunga Chekereni, alianza kupanda mlimani kila baada ya mavuno na kutembea kwenye mpaka wa shamba mikono nyuma. Siku moja nilikuta masale ya mpaka wa chini yameng'olewa. Masale ni mmea tunaoupanda mipakani, majani marefu ya kijani. Mtu wa kwetu haling'oi isale la mwenzake bila kujua anachofanya. Na mtu aliyekosa, akija ameshika jani la isale, huwezi kumfukuza. Kwa hiyo kulitupa pembeni kama gugu ni kusema jambo.

"Anaeli amepotelea huko," baba mdogo aliniambia. "Miaka hii miwili ametuma neno? Shamba halikai bila mwanamume. Tutakutana baada ya Krismasi, wote wakiwa wamerudi nyumbani, na ukoo utaamua."

"Mimi nipo, baba mdogo."

"Wewe utaolewa, mama. Au hutaolewa. Vyovyote vile."

Nilihitaji neno moja la Anaeli, kwa mwandiko wake, la kusomwa mbele ya ukoo: kwamba shamba bado lina mwenyewe na dada yake akae. Nikamwandikia hivyo. Nikampelekea Katibu. Katibu akanawa mikono na kuandika Sanduku la Posta 7.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nakatakata mgomba wa kumpa ng'ombe, nikasikia mtu anakohoa kwenye njia ya kuingilia. Alikuwa Katibu. Alisimama nje ya zizi na koti limelowa, akanisalimu kwa Kichagga, nami nikashangaa, kwa sababu sikuwahi kumwona nyumbani kwa mtu isipokuwa msibani. Nikatupa panga chini. Nilidhani kuna msiba.

"Shikamoo, Katibu. Kuna nini?"

Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akainyanyua juu kama vile amesimama kwenye mizani na mimi ni kijiji kizima. Akaita, "Anaeli," akamalizia na jina la baba yetu.

Nilikuwa nimezoea. Mdomo ukajibu wenyewe. "Nampokelea."

Akaja hatua mbili akanipa. Ilikuwa barua yangu mwenyewe. Mwandiko ule uliolala kulia, ule mstari chini ya Amerika, na juu yake muhuri mwekundu wenye picha ya mkono unaonyoosha kidole, na maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje, Katibu?"

"Inasema hajulikani hapo."

"Anaeli hajulikani?"

"Hapo. Hajulikani hapo."

Bahasha ilikuwa imelainika pembeni, kama kitu kilichokaa mfukoni siku nyingi. Niliiona hali hiyo na nikajua hakuipata siku ile. Imekaa kwenye lile koti muda, imesafiri naye kanisani, imesimama naye kwenye mizani huku akiita majina ya wengine. Sikumuuliza ni kwa muda gani. Alikaa kwenye gogo, akatoa bahasha mpya iliyokuwa kavu ndani ya nailoni, akaniwekea mkononi pamoja na kalamu.

"Andika kama alivyoandika yeye," akasema. "Usinionyeshe."

Nikaenda ndani nikachukua barua ya Anaeli, nikanakili kama mtoto anavyonakili ubaoni, na ile namba ya jengo, na mtaa, na herufi tatu, na saba. Katibu alitazama ng'ombe muda wote. Nilipomaliza na kuihamishia barua yangu humo, alisema, "Mimi nilifuata utaratibu." Akashuka na barua. Muhuri wa chama hakuugonga.

Krismasi ikafika, jibu halijafika. Ukoo ukakaa uani kwetu na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Baba mdogo akaongea vizuri sana, lazima niseme ukweli. Kabla wazee hawajajibu, Katibu akaingia. Si mtu wa ukoo wetu. Akaomba radhi kwa kuingilia, akapewa kata ya mbege, akainywa yote bila haraka.

"Nimetumwa na ofisi," akasema. "Barua za Amerika zimekwama. Kuna matatizo ya ndege. Nimepewa taarifa mjini kwamba zitaachiliwa karibu na Pasaka. Sasa ukiamua shamba la mtu wakati barua yake imekwama, na kesho ikaja, utaiweka wapi sura yako?"

Hakuna ofisi iliyomtuma. Hakuna ndege. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya kiburu, ndizi na maharage, mikononi na nilijua kila neno ni la uongo, neno la mtu ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya. Angeweza kusema, kosa ni langu, kijana hakunyamaza, ni mimi niliyemnyamazisha. Ingechukua pumzi moja. Lakini wazee wangemwamini? Au wangesema ni Mkubwa aliyemtuma? Kwa ofisi waliamini. Mzee wa ukoo akasema, "Kama Katibu amesema, basi tusubiri Pasaka." Baba mdogo akageuza kata yake chini.

Alinitetea, au alijitetea? Nimeligeuza swali hilo miaka yote hii, na kila upande unaonekana ndio.

Barua ya Anaeli ilikuja Kwaresima ikielekea mwisho. Katibu aliniita kwenye mizani kama kawaida, nikasema nipo, akanipa bila kunitazama. Ilikuwa na karatasi ya kusomwa mbele ya ukoo na nyingine ya kwangu peke yangu. Tuliposoma ile ya kwanza, baba mdogo alisema, "Basi mtoto amefufuka kabla ya Pasaka," watu wakacheka, naye akacheka, na masale yakarudishwa mpakani kwa mkono wake mwenyewe.

Ile ya pili sikumsomea mtu. Anaeli aliandika kwamba alikuwa anashuka ngazi kila jioni kufungua kile kisanduku, halafu siku moja akaacha kushuka. Alijua tumemkata. Alikuwa amekwisha kujipanga kuishi kama mtu asiye na kwao. Tulipatana, tunaongea. Lakini hakurudi. Kila mwaka anasema mwaka huu, na mimi nadhani kuna kitu kilichokauka kwenye zile ngazi.

Simu za mkononi zilipofika mlimani, barua ziliisha kama mvua inavyokatika. Katibu alifiwa na mkewe, akaanza kuanguka, na mtoto wake akamchukua kukaa naye mjini, kwenye jengo la ghorofa nyuma ya stendi. Nilishuka kumwona na mkungu mdogo wa ndizi na chupa ya maziwa. Mtoto wake alinielekeza kwa simu: ghorofa ya tatu, mlango wa bluu. Nilipofika ghorofa ya tatu milango yote ilikuwa ya bluu. Hakuna namba. Dada mmoja alikuwa anaanika nguo kwenye ukingo.

"Samahani, kuna mzee anaishi hapa, kutoka mlimani?"

"Wazee wapo," akasema. "Hapa kila mtu na mlango wake, dada."

Nikatembea korido nzima na mkungu wangu. Mwisho kabisa, kando ya mlango mmoja, palikuwa na kopo la rangi lenye udongo wa kwetu, ule mwekundu, na ndani yake limesimama isale.

Nilibisha sana kabla hajasikia. Alikuwa amevaa koti lilelile ndani ya nyumba.

"Mkubwa. Umeujuaje mlango?"

"Nimeona isale."

"Ndiyo kazi yake." Akakaa taratibu. "Milango ya hapa inafanana. Siku moja niliingia kwa watu, nikakaa sebuleni, nikaomba chai. Wakanipa. Nikanywa yote ndipo nikaona picha ukutani si za kwetu." Alicheka kidogo. "Nikamwambia kijana aniletee isale."

"Kwa ajili ya mlango tu?"

Aliuliza habari za ng'ombe, za kahawa, za baba mdogo. Halafu akainuka, akaenda nje, akarudi na jani moja refu amelikata. Alilifunga fundo katikati, kama inavyofungwa, na vidole vyake vilichukua muda.

"Lipelekwe kwa Anaeli," akasema.

"Tunaweza kumpigia sasa hivi, Katibu. Uongee naye mwenyewe."

"Jani haliendi kwa simu."

Bahasha alikuwa nayo, na kalamu. Akavisukuma upande wangu. "Andika wewe. Safari hii nitaangalia."

Nikaandika jina. Nikaandika namba ya jengo na mtaa. Anaeli amehama tangu wakati ule, sasa ni mlango wa kumi na tisa, nikaandika hiyo, na mji, na Amerika. Katibu alifuata kila mstari kwa kidole, bila kugusa karatasi, mpaka mwisho, kisha akarudi juu akaanza tena, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Na nani anampokelea?"

"Hakuna, Katibu. Anapokea mwenyewe."

"Asipokuwepo?"

"Inamsubiri kwenye kisanduku."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Chini stendi ilikuwa inapiga honi. Alitazama mlango wake, ule wa bluu, uliokuwa umefungwa. "Ndiyo maana sikuiamini ile anwani," akasema. "Nilisema haiwezekani mtoto wa watu awe mahali pa namna hiyo."

Kisha akachukua kalamu, akaifuta kwa leso, na pembeni, chini ya kila kitu nilichoandika, kwa ule mwandiko uliolala kulia, akaandika: Kwa mkono wa jirani.

Nilitaka kumwambia kule hakuna atakayeyasoma maneno hayo. Sikumwambia. Nililitia jani, nikaifunga bahasha ilivyo.

Nilipotoka, yule dada alikuwa bado anaanika.

"Umempata mzee wako?"

"Nimempata. Mlango wa mwisho, wenye isale. Masikio yake si mazuri." Nikaweka mkono juu ya bahasha kwenye mkoba wangu. "Ukisikia anagongewa na hafungui, tafadhali mpokelee."

"Haya, nitampokelea," akasema. "Anaitwa nani?"

"Katibu," nikasema.

Alisubiri niongeze jina. Sikuongeza. Nikashuka ngazi kwenda posta.